Vioo Thelathini na Viwili

Asubuhi ya siku ile jua lilipopatwa, nilimpokonya mpenzi wangu kioo mkononi mbele ya baba yangu, nikamwuliza kwa ile sauti ninayowaulizia wagonjwa wakaidi, "Hiki ni namba ngapi?"

Alikuwa na dakika tano tu tangu aingie sebuleni kwetu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupewa kiti katika nyumba ile tangu wazee wake walipokuja kujitambulisha, na Baba akawajibu, kwa adabu zake zote, kwamba binti yake hana haraka. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Mtaani wanamwita Cheche, kwa sababu ni fundi wa kuchomelea vyuma na kwa sababu hajui kunyamaza. Lakini akiwa mbele ya Baba, Cheche huwa kama redio iliyoishiwa betri.

"Mzee," alikuwa amesema, akimnyooshea kwa mikono miwili kipande cha kioo cheusi, "nimekuletea cha kutazamia jua. Na Shangazi naye, chake hiki hapa. Nimevikata mwenyewe."

Baba hakukigusa. Alikitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba nyoka aliye mbele yake amekufa. Shangazi, dada yake mkubwa Baba, anayekaa nasi tangu Mama alipofariki, alikipokea chake bila hata asante. Shangazi alimpinga Cheche kwa maneno. Baba alimpinga kwa kunyamaza tu, na kunyamaza kwake kulikuwa kuzito kuliko maneno yote ya dada yake. Hakuwahi kutupa sababu. Alisema mara moja tu, "Simtaki mtu anayecheza na mwanga," kisha akarudi kwenye saa zake.

"Namba kumi," alijibu Cheche. "Ndiyo tunayochomelea siku zote."

"Ya jua ni kumi na nne, nyeusi zaidi."

"Sista, mimi natazama moto kwa kioo hiki kutwa nzima. Upo karibu hivi." Akapima hewani kwa viganja. "Jua liko huko mbali."

"Huko mbali na bado linaunguza paa la karakana yako. Tumebandika tangazo kwenye mlango wa kliniki wiki nzima. Chini ya kumi na nne, usiguse. Umewapa wangapi?"

Alitazama vidole vyake.

"Mtaa wote. Vipande thelathini na viwili, ukihesabu na hivi vya hapa."

"Na walipokuuliza kama ni salama?"

"Niliwaambia mchumba wangu ni nesi wa macho."

Baba ni fundi saa, na saa zilizotundikwa ukutani kwetu ni kumi na saba. Zote zilisikika wakati ule, kila moja kwa mwendo wake.

"Mchumba," Shangazi alirudia polepole. "Huyo mchumba kapatikana lini, na sisi tulikuwa wapi?"

Mimi nilikuwa sisikii tena. Nilikuwa naliona jina langu likitembea nyumba hadi nyumba, likigonga milango, likiwaambia watu wainue nyuso zao na watazame.

Baba akasimama. "Linaanza saa ngapi?"

"Saa nne na dakika kumi, Baba."

"Fungeni mapazia," alisema. Akaingia chumba chake cha kazi na kufunga mlango, taratibu, bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Niliweka kioo cha Baba mezani, kando ya kile Shangazi alichokuwa amekiweka, nikamfuata Cheche aliyekuwa tayari anatoka. Tulifika getini, ilipokuwa baiskeli yake, ovaroli la kazini likiwa limefungwa nyuma.

"Umeniaibisha mbele yake," alisema.

"Nikuache uwapofushe watu ili wewe usiaibike?"

"Ungeniita pembeni."

"Ungeniuliza kabla ya kulitumia jina langu."

"Siku tatu nimekata vioo hivi. Nilitaka baba yako aniangalie siku moja tu kama mtu aliyeleta kitu kizuri. Siku moja. Nawe umenigeuza mtoto wa shule aliyekamatwa na karatasi ya majibu."

"Na mimi umenigeuza nini? Hao watu wakija kliniki na macho yameungua, watanitazama mimi. Kama watakuwa bado wanaona."

Kila mmoja wetu alikuwa na haki, na sijui ugomvi mbaya kuliko huo. Mwenye kosa angeomba radhi, yangeisha. Sisi tulibaki tumesimama, tumekodoleana macho, mpaka yeye akayaondoa yake. Akaisukuma baiskeli, hakupanda, akaenda nayo kwa miguu kama mtu anayesindikiza jeneza.

Nilirudi ndani. Nilikuwa na zamu ya mchana. Mganga mkuu alitupanga hivyo makusudi, akijua wagonjwa wa jua watakuja baada ya tukio. Nilikaa kitini. Nikasimama. Nikajiambia ameondoka na hasira zake kwenda karakana, na kama ameondoka, basi ni mimi nitakayepita mlango kwa mlango. Na pengine, niliwaza, ndiyo imeisha. Mwaka mmoja na miezi minne, imeishia kwenye kipande cha kioo.

Nikavaa viatu nikatoka.

Sikufika mbali. Kwa kinyozi, nyumba ya tatu, niliiona baiskeli imeegemezwa ukutani, na nikaisikia sauti yake.

"Nimekosea, kaka. Naomba unirudishie kile kioo."

"Ngoja nikuelewe," alisema kinyozi. Mashine yake ilikuwa inanguruma juu ya kichwa cha mteja. "Juzi ulinambia salama. Leo unanambia si salama. Kesho utanambia nini, kwamba kinaotesha nywele?"

"Juzi nilisema kitu nisichokijua. Nesi hakukiruhusu. Hata hakujua. Ni mimi."

"Nesi yupi, yule mchumba?"

"Huyo huyo."

"Amekufokea?"

"Sana."

Mteja, aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa, akacheka mpaka kinyozi akalazimika kuzima mashine. Kioo kikatolewa kwenye droo. Cheche akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka ndani ya ovaroli alilokuwa amelikunja kama furushi, akatoka, akanikuta nimesimama mlangoni.

Tulitazamana. Hakutabasamu.

"Hukuwa na haja ya kuja," alisema.

"Jina lililotembea ni langu."

"Basi shika baiskeli."

Nikashika baiskeli.

Sijui kama nitaweza kukuelezea saa moja na nusu iliyofuata. Kuna wanawake wanaopelekwa ufukweni, wakala vizuri, wakaambiwa maneno matamu. Mimi nilipenda upya huku nasukuma baiskeli yenye mnyororo unaolia, nikimsikiliza mwanamume anasema "nimekosea" kwenye kila mlango, na wala hakuweka "lakini" nyuma yake hata mara moja.

Fundi cherehani alikuwa amekigundisha chake kwenye boksi, akawatobolea mapacha wake matundu mawili ya macho. Tulikibandua kwa mkasi huku mapacha wanalia kwa zamu. Mziba matairi alikitoa bila ubishi, akasema hata hivyo yeye jua halimhusu, limekuwepo siku zote. Mama mmoja alitusimanga kuanzia kizingitini hadi barabarani, na Cheche akamwinamia kwa kila simango kana kwamba anahesabiwa sifa. Mwalimu mstaafu ndiye aliyetusumbua.

"Nimefundisha sayansi miaka thelathini," alisema, kioo kikiwa ndani ya kiganja chake. "Wewe kijana utanifundisha mimi habari za jua?"

"La, Mwalimu. Nashangaa tu. Nilipokuletea, wewe ndiye uliyepaswa kunikataza."

Mwalimu akakigeuza kioo, akatafuta namba pembeni, hakuiona. Namba ilibaki kwenye kipande kimoja tu, vingine vimekatwa katikati.

"Kweli," alisema baadaye. "Nilikuwa nimefurahi tu. Mara ya mwisho lilipopatwa hapa nilikuwa mtoto, na mawingu yakafunga siku nzima. Nilitaka sana, unajua." Akakitoa. "Nendeni, linakaribia."

Tulipotoka kwake ilikuwa saa nne na nusu imepita. Mwanga ulikuwa bado ni wa asubuhi ya kawaida, ila mtu angeapa kwamba kuna kitu kimepunguzwa. Watu wachache wenye miwani halisi ya karatasi, iliyotolewa kliniki, walikuwa wanapokezana barabarani. Mmoja alilia. Mwingine alitazama sekunde mbili akaivua miwani, akasema linafanana na biskuti iliyoumwa, akarudi kufagia.

"Na wewe?" nilimwuliza Cheche tukiwa njiani. "Hivi vioo ulivijaribu kabla ya kuvigawa?"

"Jana saa sita. Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Nilihesabu mpaka ishirini. Halikuniuma, ndiyo maana nikajua ni salama."

Nikaiachia baiskeli. Ilianguka yenyewe, pembeni ya barabara.

"Haliumi," nilisema. "Nyuma ya jicho hakuna maumivu. Panaungua na wewe hujui. Unalala, unaamka, unatazama uso wa mtu na katikati yake hakuna kitu."

Hapo ndipo nilipomwona Cheche anaogopa, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Na jambo la kwanza aliloliogopa halikuwa kazi yake. Alisema, "Uso wa nani?"

Nikamshika mkono, mchana kweupe, mtaa mzima ukitazama, nikamvuta mpaka kwetu.

Uani tulilifungua ovaroli chini. Thelathini. Vya mtaa vimetimia. Vya kwetu viwili vilikuwa ndani, mezani. Nilimsimamisha mbele ya dirisha la chumba cha Baba. Pazia lilikuwa limefungwa, ila kioo cha dirisha kilikuwa wazi kwa ajili ya hewa, na mbele yake zilisimama nondo zilizochomelewa mistari kwenda juu na mistari ya kukata, kama daftari la hesabu. Kliniki tunatumia karatasi yenye mistari ya namna hiyo. Nondo zingefaa kwa kuanzia, nilimwambia, ila hazitoshi.

"Tazama kiungo cha katikati. Usihamishe jicho."

Nilimfunika jicho la kushoto kwa kiganja. Kope zake zilinitekenya. Kabla ya asubuhi hiyo tulikuwa hatujagusana tangu siku ile wazee wake waliporudishwa, kwa sababu niliona si vizuri kumpa tumaini nisilokuwa nalo mwenyewe. Sasa nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia sabuni shingoni mwake, na chini ya sabuni, harufu ya chuma isiyotoka hata aoge vipi.

"Nondo zimenyooka?"

"Zimenyooka."

"Hakuna iliyopinda katikati? Hakuna doa?"

"Hakuna. Ila kile kiungo cha tatu kutoka juu, fundi wake alikuwa na haraka ya kwenda kula."

Nilicheka, na machozi yakatoka hapohapo, sikuyazuia.

"Jicho la pili."

"Jicho la pili linasema fundi huyo hakujua kazi tangu mwanzo."

"Fundi huyo alikuwa rafiki yangu," ilisema sauti nyuma ya pazia.

Cheche aliruka. Pazia likasogea, na Baba alikuwa amesimama pale, karibu sana na nondo, lenzi yake ya kazi ikining'inia shingoni kwa uzi.

"Mzee, nilikuwa natania tu."

"Hukutania. Kiungo kile ni kibaya, nimekitazama miaka ishirini." Akanigeukia. "Kipimo hicho, mtu anajifunika jicho moja kisha anatazama?"

"Ndiyo, Baba."

Akainua kiganja akafunika jicho lake la kushoto. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Pembeni naziona," alisema. "Katikati hakuna nondo. Pana kitu kama moshi, kimekaa palepale tangu nina miaka tisa."

Mimi ni nesi wa macho mwaka wa nne huu. Nimewapima watu mpaka nimepoteza hesabu. Na mtu huyu aliyenilea, anayevaa lenzi jicho la kushoto ingawa mkono wake wa kazi ni wa kulia, anayekaa siku zote akiniweka upande wake wa kushoto mezani, sikuwahi kumpima. Nilidhani ni mazoea yake tu.

"Jua?" niliuliza.

"Jua. Siku kama ya leo, kule kijijini kwetu. Nilipewa kioo kilichopakwa moshi wa kibatari." Akamtazama Cheche, na safari hii alimtazama hasa. "Sikukukataa kwa ajili ya kazi yako, kijana. Nilifikiri mtu anayeshinda na moto namna ile, siku moja haoni tena haja ya kuuogopa. Nikamwona kichwani mwangu binti yangu anakushika mkono kukuvusha barabara. Nikaona mtoto wenu anaokota kioo."

"Mbona hukutuambia, Baba?"

"Ningeanza kuwaambia, mngeniuliza nani alinipa kioo."

Niliingia ndani kuchukua vile viwili. Mezani palikuwa na kimoja.

Nilikitazama kile kimoja, nikatazama chini ya meza, chini ya kitambaa cha meza. Nikatoka mbio. "Kimepungua. Vipo thelathini na kimoja." Cheche akaanza kuhesabu tena, vidole vikikwaruza kioo kwa kioo. Nje ya ukuta nilisikia watu wanapiga miluzi; mwanga ulikuwa umegeuka, wa manjano uliochanganyika na majivu, na vivuli vyetu vilikuwa na ncha kali kama vilivyokatwa kwa wembe. Baridi ilianza kupanda miguuni.

"Acha kuhesabu," alisema Shangazi. "Ninacho mimi."

Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, kioo kiko mapajani, mikono yote miwili juu yake.

"Umetazama?" niliuliza. "Shangazi, umetazama?"

"Sikuthubutu." Hakuwa anazungumza na mimi. Alikuwa anazungumza na dirisha. "Nimemsikia huyu kijana kwa kinyozi. Nimemsikia kwa fundi cherehani. Nilikuwa nimesimama kwenye ukuta nikisubiri nimcheke. Nikangoja. Anasema nimekosea, anasonga mbele, mdomo wake haudondoki."

Mkono wa Baba ulikuwa umeshika nondo.

"Kile kibatari nilikiwasha mimi," alisema Shangazi. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikakwambia, tazama wewe kwanza, kwa sababu nakupenda. Haikuwa kwa sababu nakupenda. Niliogopa, nikataka nione kwanza wewe utakuwaje. Halafu Mama alipouliza, nikasema umetazama kwa macho matupu, nimekukataza hukusikia. Akakuchapa."

"Mara mbili," alisema Baba. "Siku hiyo, na kesho yake nilipomwaga maziwa."

"Ulijua ni mimi niliyesema?"

"Nilikuwepo chumba cha pili."

"Na hukusema. Miaka yote hii nimekula kwako."

"Nilikuwa nasubiri useme wewe."

Shangazi alijifunika uso kwa pindo la gauni lake. Sijawahi kumwona mwanamke yule, mwenye ulimi wa kutosha mitaa miwili, akikosa neno. Nilimwendea, nikakichukua kioo mapajani mwake kwa upole, nikamwambia hakina moto tena, yamekwisha.

Cheche alikuwa amepiga magoti chini, hajui atazame wapi, mgeni katikati ya jambo la watu. Akafanya alilozoea kufanya akikosa la kufanya: akapanga. Alivihamishia vioo vyote ndani ya ndoo, kimoja kimoja, nikamwongezea vile viwili, akavihesabu hadi vikatimia thelathini na viwili, kisha akaliinua ovaroli juu ya kichwa alikung'ute.

"Usikung'ute," alisema Baba. "Simama hivyohivyo."

Ovaroli lile limetobolewa na cheche za miaka sita, vitundu vya moto kila mahali, vingine kama kichwa cha pini, vingine kama punje ya mchele. Jua lilikuwa juu, nyuma ya mgongo wangu, mbele ya Cheche. Na mbele, kwenye shati jeupe la Cheche, kuanzia mabegani hadi tumboni, zilikuwa zimetua alama ndogo za mwanga, nyingi, na zote zilikuwa na umbo la mwezi mchanga. Kila tundu lilikuwa limeleta jua lake, na kila jua lilikuwa limeliwa.

Mlango ulifunguka, Baba akatoka. Sikumbuki mara ya mwisho alipotoka bila kofia. Alitembea akitazama chini, akalipa jua kisogo, akamfikia Cheche, akaweka lenzi jicho lake zima na kuinama mbele ya kifua cha mwanamume aliyekuwa amemkataa.

"Shika upande huu," aliniambia mimi. "Na wewe, Dada, shika ule."

Shangazi alikuja. Alipangusa pua, akashika. Tukalitandaza ovaroli kama watu wanaoanika shuka.

"Usitikisike, kijana."

"Natetemeka, Mzee."

"Najua. Jua lote linatetemeka."

Ndege walinyamaza. Mtaa mzima ulipiga ukelele mmoja mrefu, kisha nao ukanyamaza, na giza la ajabu likatufunika, lisilo la jioni wala la mvua, likiwa na uzi mwembamba tu wa mwanga uliobaki. Kwenye shati lile miezi ilikonda, ikakonda, ikawa kama kucha zilizokatwa. Baba alikuwa anahama kutoka mmoja kwenda mwingine, pua yake karibu igusane na kifungo cha shati, akinong'ona kitu nisichokisikia. Nadhani alikuwa anahesabu.

Cheche hakutazama kifua chake. Juu ya kichwa cha Baba alikuwa ananitazama mimi. Yale ya getini yalitaka kusemwa upya, polepole, na macho yake yaliyasema yote, na yangu yakajibu, na mimi nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba katikati ya uso wangu anapaona.

Halafu miezi ikageuka upande, ikaanza kunenepa.

"Hili tu?" alisema Shangazi. "Watu wamelipigia kelele mwezi mzima, hili tu?"

"Dada," alisema Baba, bado ameinama, "nyamaza kidogo."

Lakini alisema kwa namna ya mtu anayetabasamu.

Mwanga uliporudi, mtaa ulikuwa tayari unabishana. Mteja wa kinyozi alisema amesikia mwili mzima unamsisimka. Kinyozi alisema ni nywele zilizoingia kwenye kola. Mwalimu alikuwa amepokea miwani ya kliniki mwishoni kabisa, akatazama, na sasa alikuwa amekaa barabarani peke yake, anafurahi bila kumwambia mtu.

Cheche alilikunja ovaroli. Nilimwona anavuta pumzi.

"Mzee, kuhusu lile jambo la wazee wangu..."

"Leo nina jambo lingine," alisema Baba. "Kliniki yenu inapokea saa ngapi?"

"Saa saba, Baba. Nani anaumwa?"

"Nimekaa na moshi huu miaka arobaini na saba. Nataka mtu anitazamie ukoje." Akaenda kuchukua kofia. Mlangoni alisimama karibu na Shangazi. "Wewe baki na saa zangu. Ile ya duara usiiguse, imelegea. Nikirudi tutakaa tuongee."

"Tutaongea," alisema Shangazi. "Nami nitakuwepo."

Kliniki, saa saba na nusu, foleni ilikuwa imefika kwenye lango la nje. Nilikuwa nimevaa sare, nimekaa kwenye dawati la usajili, na nyuma yangu ukutani lilikuwa lile tangazo letu. Baba alifika dawatini akiwa na Cheche pembeni yake, upande wa kushoto.

"Na mimi nipimwe," alisema Cheche, "maana uliniambia nondo hazitoshi."

"Wewe ni kesho asubuhi. Mgonjwa akishatiwa dawa ya kufungua mboni haoni vizuri saa kadhaa, lazima awe na wa kumrudisha nyumbani. Nikiwatia wote wawili leo, nani atamshika mwenzake?"

"Kweli hapo," alisema Baba.

Nikavuta fomu. Jina niliandika. Umri niliandika. Jicho linalosumbua: la kulia. Muda wa tatizo: nikaandika miaka arobaini na saba, na nikaona jinsi tarakimu zile zinavyokuwa kubwa zikikaa kwenye karatasi. Kisha nikafika kwenye mstari wa msindikizaji. Ningeweza kuuruka. Lakini siruki mistari.

"Uhusiano wake na mgonjwa?" niliuliza, macho kwenye fomu.

Cheche alikohoa. "Weka jirani," alisema. "Jirani si uongo."

"Umeulizwa wewe?" alisema Baba. Akaegemea dawati. "Kuna nafasi ya maneno mangapi hapo?"

"Neno moja linatosha, Baba."

"Basi andika mkwe."

Kalamu ilisimama. Mwenzangu wa dawati la pili aliacha kupiga mhuri. Nikainua macho, nikamwona Cheche, mtu asiyejua kunyamaza, amenyamaza kabisa, ameshika kiwiko cha baba yangu kama aliyeambiwa ashikilie kitu kisianguke.

"Baba," nilisema polepole, "hii ni kumbukumbu ya hospitali. Haifutwi."

"Ndiyo maana nimelisemea hapa. Andika, mama. Watu wanasubiri nyuma yetu."

Nikaandika, herufi nne, na ya mwisho ikatoka nje ya mstari.